Hesabu Ncha, Usipime Urefu

Chungu kimekaa juu ya kabati la televisheni. Ndani yake mna mani planti moja, na hiyo moja imepandishwa ukutani kwa misumari midogo na uzi, ikapita juu ya mlango, ikazunguka picha ya harusi, ikateremka hadi dirisha la upande wa pili. Sebule hii nimeiona mara nyingi, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na kila mara mwenye nyumba huanza kwa kunionyesha urefu. Baadaye, tukishakaa na chai imeshamiminwa, ndipo lile swali hutoka. Mbona huku chini imebaki uchi? Mbona jani na jani yameachana shubiri nzima? Afanyeje ijae kama zile za wauza maua wa kando ya barabara?

Jibu langu ni fupi na huwashtua wengi: ishushe, uikate. Halafu inanibidi nieleze, maana mtu aliyelea mmea miaka minne hawezi kuukata kwa sababu tu mgeni kamwambia. Na ana haki ya kuelezwa.

Tuanze na huyo muuza maua. Siku ukipita kwake, inama uangalie pale udongo unapokutana na mashina. Chungu kile kilichoshiba, ambacho majani yake yamefurika mpaka kingo hazionekani, hakina mmea mmoja. Kina vipande vinane, kumi, hata kumi na viwili, vilivyochomekwa pamoja siku moja. Kila kipande kina ncha yake, na kila ncha inatoa majani yake. Wewe ulipewa kipande kimoja na jirani, kikiwa kwenye chupa ya maji, ukangoja hicho kimoja kifanye kazi ya kumi. Hakiwezi. Mani planti kwa maumbile yake hutambaa na kupanda miti, na mmea wa kutambaa hukimbilia mbele. Kutoa matawi si tabia yake.

Kwa hiyo cha kuhesabu ni ncha. Mmea wenye ncha moja ni kamba, hata ukifika mita kumi. Mmea wenye ncha kumi ni kichaka, hata ukiwa na urefu wa shubiri mbili.

Woga wa kukata naufahamu, na dawa yake ni kujua mmea huu umetoka wapi. Kwa wataalamu jina lake ni Epipremnum aureum, na asili yake ni Moorea, kisiwa kidogo cha Polinesia ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki. Ni mmea ambao karibu hauchanui kabisa. Mwaka 2016 watafiti walieleza sababu: jeni moja inayohusika na kutengeneza homoni ya jiberelini haifanyi kazi yake, na mmea haupati amri ya kutoa maua. Mara ya mwisho kuandikwa kwamba umechanua wenyewe ilikuwa mwaka 1964. Pasipo maua hapana mbegu. Basi mani planti iliyoko Kariakoo, iliyoko Kisumu na iliyoko Muscat zote zilifika kwa njia ile ile: mtu alikata kipande akampa mwenzake, naye akakata akampa mwingine. Mmea unaouonea huruma kuukata usingekuwapo nyumbani kwako kama usingekatwa.

Na kukata kwenyewe si jambo geni kwetu. Anayechuma matembele anajua: ukivunja ncha changa leo, baada ya siku chache pale chini ya ulipovunja pamechipua mbili tatu. Kunde hivyo hivyo, na majani ya maboga. Tuta lisilochumwa hurefuka, hukomaa, huisha. Linalochumwa mara kwa mara hulisha nyumba kwa miezi. Tazama pia mashamba ya chai ya Mufindi au Kericho. Ule mchai unaomfika mchumaji kiunoni, tambarare kama zulia, ukiachwa bila kuguswa hugeuka mti wa mita kumi na zaidi. Kinachoufanya uwe kichaka ni vidole vinavyochuma ncha, majani mawili na chipukizi lake, na kisu cha kupogolea kinachoushusha chini kila baada ya miaka mitatu au minne.

Kinachotokea ndani ya shina kimechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walifunika ncha za miche michanga ya nyasi, wakaonyesha kwamba ncha hupeleka ujumbe fulani kwenye sehemu zilizo chini yake. Baadaye ikajulikana kuwa ujumbe huo ni homoni, nayo ikaitwa oksini. Katika miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za maharagwe mapana, wakaweka oksini pale palipokatwa, na macho ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba ncha ingalipo. Nikisema jicho nasema kama asemavyo mkulima wa muwa: lile tumba dogo lililojificha kwenye kifundo, kati ya kikonyo cha jani na shina. Ncha ikiwapo, macho yanalala. Ncha ikiondoka, lililo karibu na mkato huamka.

Kwa muda mrefu oksini ndiyo iliyopewa uzito mkubwa zaidi katika maelezo hayo. Kisha mwaka 2014 timu ya Christine Beveridge wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikachunguza njegere na kukuta kwamba jicho huanza kukua hata kabla oksini haijapungua pale lilipo. Kinacholifikia kwanza ni sukari. Ncha ni mlaji mkubwa. Ikikatwa, sukari iliyokuwa ikienda kwake humiminika kwenye macho nayo huamka. Kwa mwenye mmea wa ndani sioni ugunduzi wenye manufaa kuliko huu, kwa kuwa sukari hiyo hutengenezwa na majani, na majani huitengeneza kwa mwanga. Mmea uliowekwa kwenye kona ya giza hauna sukari ya kugawa. Ukiukata, jicho litaamka kwa shida na kutoa uzi mwembamba wenye vijani vidogo, na utaniambia ushauri wangu haufai.

Kwa hiyo mwanga kwanza, wembe baadaye. Utaratibu huu usiugeuze.

Kuhusu mwanga macho yetu hutudanganya. Mboni hujipanua zenyewe gizani, na sebule inayotosha kusomea gazeti ikawa ni usiku kwa mmea. Nyumba zetu za siku hizi nazo zina vizuizi vingi: kioo cha rangi ya moshi, wavu wa mbu, nondo, pazia zito, na nje yake baraza lenye paa lililoshuka. Kila kimoja hula sehemu yake kabla mwanga haujafika kwenye jani, na kadiri unavyosogea mbali na dirisha ndivyo unavyopungua kwa kasi. Chungu kilicho mita tatu kutoka dirishani kinaishi katika nyumba tofauti kabisa na chungu kilicho karibu na kizingiti.

Jaribio la kupima halihitaji chombo. Saa sita mchana, siku ya anga angavu, nyoosha kiganja chako kama shubiri moja juu ya majani. Ukiona kivuli kinachoonyesha vidole vyote vitano, japo ukingo wake umefifia kidogo, hapo mani planti itajaa. Ukiona doa la kivuli lisilo na vidole, mmea utaishi lakini utabaki kamba. Usipoona kivuli chochote, usikate kitu. Hamisha chungu kwanza. Na kivuli kikiwa cheusi, chenye ukingo mkali kama wa nje barabarani, hilo ni jua lenyewe, nalo jua la mchana huunguza majani haya na kuyaachia mabaka ya kahawia. Jua la asubuhi, la dirisha la mashariki, halina madhara.

Kumbuka kwamba kwetu jua hubadilisha upande. Dar es Salaam, tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini, na dirisha la kaskazini hupata mwanga mwingi. Kufika Disemba jua limehamia kusini. Mmea uliokuwa ukinawiri dirisha moja mwezi Julai unaweza kudhoofika hapo hapo mwezi Januari, na mwenyewe akadhani umeingiwa na ugonjwa.

Shina lenyewe ni daftari. Tazama pingili, yaani nafasi kati ya kifundo na kifundo. Pale pingili zilipo fupi, mmea ulikuwa na mwanga; pale zilipoanza kurefuka ndipo ulipohamishiwa nyuma ya kochi au ulipobadilisha pazia. Majani yenye mabaka ya njano nayo husema, kwa sababu gizani yale yanayofuata huzaliwa yakiwa ya kijani tu. Ukishausogeza mmea kwenye mwanga, pingili mpya zitafupika ndani ya majani mawili au matatu. Za zamani hazifupiki tena, usizingoje. Zile mpya ndizo zinazokuambia kwamba sukari ipo na wakati wa kukata umefika. Mara nyingi ni wiki tatu au nne baada ya kuhamisha. Asiye na dirisha la kufaa anaweza kutumia taa nyeupe ya LED, iwe sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, iwashwe kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku.

Sasa wembe. Hapa inanibidi nitenganishe mimea ya aina mbili, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka huichanganya na watu wakavunjika moyo.

Uchukue mrehani ulioko kwenye kopo barazani. Shina lake lina pembe nne, na majani hutoka mawili mawili yakitazamana. Kila kifundo kina macho mawili. Ukikata juu ya kifundo unapata matawi mawili. Ukiyakata hayo unapata manne, kisha manane. Mrehani hujazwa kwa kucha tu, bila wembe, mradi uziwahi ncha kabla hazijachanua. Yale maua ya mbele ya mlango yenye majani ya rangi, mekundu na zambarau, ni ya jamii moja na mrehani na hufuata hesabu hiyo hiyo.

Mani planti haifuati. Majani yake hutoka moja moja, huku na huku, na kila kifundo kina jicho moja. Ukiikata ncha, kwa kawaida itatoka ncha moja badala yake, mara chache mbili. Aliyezoea mrehani atakata, atangoja mwezi mzima, ataona ncha moja imechukua nafasi ya ncha moja, na ataacha. Faida ya mani planti haiko kwenye kisiki kilichobaki chunguni. Iko mkononi mwako, kwenye kile ulichokikata. Shina la mita tatu lina vifundo vya kutosha kutoa vipande kumi na zaidi, na kila kipande ni mmea mzima unaosubiri udongo. Anayekata na kutupa ametupa kichaka chake.

Siku ya kazi, shusha shina lote ukutani taratibu, ulilaze sakafuni juu ya gazeti, uhesabu vifundo. Tumia wembe mpya au kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Mkasi butu husaga shina, na shina lililosagika huoza. Vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi, na nawa mikono ukimaliza, kwa maana utomvu wake una chembe za kalsiamu oksaleti zinazowasha ngozi na kuchoma mdomo. Mtoto mdogo na paka wasiwepo karibu, na vipande vilivyoanguka viokotwe vyote.

Chunguni acha kisiki chenye vifundo vitatu au vinne, na kama kina majani yaache yalivyo. Kata sentimita 1 hivi juu ya kifundo cha mwisho. Kisha gawa lile shina lililobaki: kila kipande kiwe na kifundo kimoja au viwili, na angalau jani moja. Kwenye kifundo utaona kijinundu cha kahawia kama kidonda kilichokauka. Huo ni mzizi unaosubiri unyevu. Kifundo ndicho roho ya kipande. Jani na kikonyo chake peke yake huweza kutoa mizizi na kubaki kijani miezi mingi ndani ya glasi, lakini halitazaa kitu, kwa sababu halina jicho. Hili ndilo kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza, na huwapotezea muda mrefu maana jani linaonekana zima.

Vipande waweza kuviweka majini kwanza au kuvichomeka moja kwa moja udongoni. Majini mizizi huonekana baada ya wiki moja au mbili kukiwa na joto. Badilisha maji kila siku tatu, na ikifika urefu wa sentimita 3 hadi 5 hamishia kwenye udongo. Usiiache majini miezi, kwani mizizi iliyokulia majini hupata tabu kuzoea udongo, na maji matupu hayana chakula cha kujaza majani. Mimi hupenda udongo tangu mwanzo. Vingine vitaoza, kweli, lakini vinavyoshika havisimami tena.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahauliwa na wengi: virudishe vyote kwenye chungu kimoja. Watu wakishapata vipande kumi huvigawa kwenye chupa kumi na kuzipanga dirishani, wakawa sasa na kamba kumi badala ya moja. Vichomeke kukizunguka kisiki, vidole viwili au vitatu kati ya kimoja na kingine, vingine kandokando, vingine katikati. Chungu chenye upana wa sentimita 20 hubeba vipande kumi bila tatizo. Vikichanganya majani, hakuna atakayejua kwamba si mmea mmoja.

Sehemu za shina zilizokwisha kupoteza majani usizitupe. Pale jani lilipodondoka halirudi jani jingine, lakini jicho lake mara nyingi lingali hai. Laza kipande hicho juu ya udongo wenye unyevu, kizame nusu, na ungoje. Baadhi ya macho yataamka.

Kwa yule ambaye moyo umekataa kabisa kukata, ipo njia ya pole. Lizungushe shina juu ya uso wa udongo ndani ya chungu hicho hicho, libane kwa vibanio vya nywele au vipande vya waya vilivyokunjwa, kila kifundo kiguse udongo. Baada ya wiki kadhaa vifundo vitakuwa vimeshika mizizi. Kwa muda huo ncha ya mbele bado inatawala, na macho mengi bado yamelala. Mizizi ikishashika vizuri, pitisha wembe katikati ya pingili, moja baada ya nyingine, palepale zilipolala. Kila kifundo sasa kina mizizi yake na hakina ncha ya kukizuia. Njia hii ni ya polepole, lakini haipotezi hata kipande kimoja.

Mani planti yangu niliikata mwanzoni mwa masika. Ilikuwa na shina moja la mita tatu na nusu na majani kumi na saba, yote yamejazana mwishoni kama manyoya mkiani. Nilipata vipande kumi na vinne, viwili vikaoza. Wiki ya kwanza chungu kilisikitisha kukitazama, vijiti na jani moja moja, na nyumbani nililaumiwa. Kwenye wiki ya nne kila kipande kilikuwa na chipukizi lililojiviringa kama sigara ya kijani. Kufika mwisho wa Julai kingo za chungu zilikuwa zimefunikwa, na waliokuwa wakinilaumu wakaanza kuomba vipande.

Wakati una uzito wake. Pwani, masika ni bora kuliko miezi mingine yote: joto lipo, hewa ina unyevu, na maji ya mvua hayana chumvi. Vuli pia inafaa. Nairobi, Iringa, Njombe na Mbeya usikate Juni hadi Agosti, kwa sababu baridi huyachelewesha macho na udongo hukaa na maji mpaka vipande vikaoza. Ngoja Septemba iishe. Ndugu zetu walioko London au Minneapolis wasikate kati ya Novemba na Februari, mchana ukiwa mfupi kiasi kile. Machi au Aprili ndiyo masika yao.

Udongo uwe mwepesi, unaopitisha maji. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na moja ya usumba wa nazi au pumba za mpunga zilizochomwa. Chungu kiwe na matundu chini, na kisiwe kikubwa mno. Chungu kikubwa chenye mizizi michache hubaki na maji mengi yasiyonywewa, na mizizi hufa kwa kukosa hewa. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu mwagilia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu acha. Mani planti nyingi zinazokufa mijini zimekufa kwa kumwagiliwa kila siku na mtu mwenye nia njema. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, wataona ncha za majani zikiungua. Wakinge maji ya mvua, au angalau mara moja kwa mwezi wamwagie maji mengi yasiyo na chumvi ili kuisukuma ile iliyokusanyika.

Mbolea ni ya mwisho, ingawa watu huanza nayo. Kipande ambacho hakijatoa jani jipya hakina mizizi ya kuila, na mbolea kali itakiunguza. Jani la kwanza likishafunguka, loweka samadi kavu kwenye ndoo siku chache, chuja, ongeza maji mpaka rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi, umwagilie mara moja kila wiki tatu. Urea usiitie kwenye chungu cha ndani. Kiasi kinachoonekana kidogo shambani ni kingi mno kwenye udongo wa kujaa bakuli, tena gizani urea hurefusha shina tu, na urefu ndio tunaoukimbia.

Mengine ni madogo. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki, la sivyo upande mmoja utajaa na mwingine utabaki kipara. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ukiona vijidonge vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hivyo ni vidung'ata. Viondoe kwa kitambaa cha maji ya sabuni, urudie baada ya wiki. Na chipukizi likitokea la kijani kitupu kwenye mmea wa mabaka, likate mapema, maana hukua haraka kuliko wenzake na mwishowe huwafunika.

Anayetaka pia majani yawe makubwa ajue kwamba mani planti inayoning'inia hutoa majani yanayozidi kupungua ukubwa, na inayopanda hutoa majani yanayozidi kuongezeka. Funga makumbi ya nazi kwenye kijiti kinene, kisimike katikati ya chungu, uyaweke na unyevu, na uelekeze mashina matatu au manne yapande. Yaliyobaki yamwagike pembeni. Chungu cha namna hiyo, kilichojaa chini na kupanda katikati, ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona.

Onyo moja kabla wembe haujazoea mkono. Si kila mmea hukatwa ncha. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba mnazi ukikatwa kilele umekufa, kwa maana una moyo mmoja tu. Ile mimea midogo ya ndani ya jamii ya mnazi inayouzwa kwa bei kubwa iko vivyo hivyo, kila shina lina moyo wake. Usiiguse. Sansevieria, ile yenye majani yaliyosimama kama panga, nayo haijazwi kwa kukata juu. Hujaa kutoka chini, kwa mashina yanayotambaa udongoni, na kinachoisaidia ni mwanga na subira. Mmea wa mpira unaowekwa ndani hukubali kukatwa na hutoa matawi, ila utomvu wake mweupe huchafua nguo na zulia.

Na mani planti yenyewe usiikate mara moja ukasema umemaliza. Mashina yakishamwagika nje ya chungu kiasi cha sentimita 30 au 40, punguza ncha, uzirudishe chunguni palipo na nafasi. Ukifanya hivyo kila msimu wa mvua, pale chini hapatabaki uchi tena.

Jumamosi hii, kabla hujanunua mbolea ya aina yoyote, nyoosha kiganja juu ya majani saa sita mchana utazame kivuli. Kikiwa na vidole vitano, teremsha kamba hiyo ukutani, uhesabu vifundo vyake.